Mboga zilizokuzwa kwenye maji bila udongo: ni kweli lishe yake ni pungufu?

BustaniNdogo

Wakuu habari za leo. Naomba msaada wa wenye ujuzi, maana jambo hili limeanza kuninyima raha.

Ninakuza mboga ndani ya nyumba kwa mfumo wa maji: mabomba yaliyotobolewa, pampu ndogo, tangi la virutubisho chini na taa juu. Nilianza na letusi ya kijani na letusi nyekundu, nikaongeza spinachi, na sasa nina miche michache ya nyanya kwenye ndoo. Mavuno hayana tatizo, yanakuja haraka kuliko nilivyotegemea. Kinachonisumbua ni maneno. Kila nikimgawia mtu, jibu ni lile lile: "Hayo ni maji ya kijani, ndani hayana kitu. Mboga ni ya udongoni."

Mwanzoni niliyapuuza. Lakini watoto wangu sasa wanakula mboga hizi karibu kila siku, na baba mkwe tunayeishi naye ana matatizo ya figo. Siwezi kuendelea kuwalisha watu kitu nisichokijua. Ninachokuza nataka kiwe chakula kweli.

Kwa hiyo nauliza: mmea uliokulia kwenye maji unaweza kuwa na madini na vitamini kama wa udongoni? Nimesoma pia kwamba mboga za aina hii hujaa nitrati, ile chumvi ya nitrojeni inayoogopwa ikizidi, ni kweli? Na letusi yangu nyekundu haiwi nyekundu, majani yamepauka na ni laini mno. Hiyo ni dalili ya lishe kupungua au ni sura tu?

JembeHalimtupi

Dada, mimi ni mtu wa udongo na sitaficha upande wangu.

Udongo ulio hai si mchanga na matope. Kuna bakteria, kuna minyoo, kuna kuvu wanaoishi na mizizi na kuipelekea fosforasi na zinki kutoka mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki. Kuna madini ya kila namna yaliyotokana na miamba iliyomomonyoka kwa maelfu ya miaka. Sasa wewe una chupa mbili za chumvi za kiwandani. Aliyetengeneza chupa hizo ameweka anachojua kwamba mmea unahitaji. Je, asichokijua? Na je, kile ambacho mmea hauhitaji lakini mwanao anahitaji?

Sisemi mboga zako ni sumu. Nasema mmea kukua vizuri ni jambo moja, na mmea kumlisha mtu vizuri ni jambo jingine. Mwenye vipimo aje atuonyeshe, nitamsikiliza.

MamaMizani

Nawasalimu nyote. Nimestaafu sasa, lakini sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliipitisha kwenye maabara ya uchambuzi wa mimea: kukausha majani, kuyasaga, kuyachoma mpaka yawe majivu, kuyeyusha majivu kwa tindikali, kisha kupima kilichomo. Bahasha zilikuja na namba tu, za shambani na za kwenye maji zikiwa zimechanganyika. Kwa madini peke yake nisingeweza kukuambia bahasha ipi imetoka wapi. Ndiyo maana nimeamua kuandika kwa urefu, mnivumilie.

Mzizi hauli udongo. Mzizi hupokea chembe za madini zilizoyeyuka majini, na chembe ya potasiamu iliyotoka kwenye mwamba haina alama yoyote inayoitofautisha na iliyotoka kwenye chumvi. Samadi nayo lazima kwanza ioze, ivunjwevunjwe na bakteria mpaka nitrojeni yake iwe amonia na nitrati, ndipo mmea uweze kuipokea kwa wingi. Mmea unahitaji elementi 17 ili ukue na kukamilisha maisha yake. Kaboni, haidrojeni na oksijeni huzipata hewani na majini. Zilizobaki 14 hupitia mizizini: nitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu, salfa, chuma, manganisi, zinki, shaba, boroni, molibdeni, klorini na nikeli. Ikikosekana moja tu kabisa, mmea hauendelei. Kwa hiyo letusi iliyofika siku ya kuvunwa ikiwa na afya haiwezi kuwa "maji matupu". Chuma kimo, la sivyo jani lisingekuwa na rangi. Magnesiamu imo, kwa sababu imekaa katikati kabisa ya klorofili, ile rangi ya kijani ya jani.

Hili si jambo la jana. Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop walikuwa wakikuza mimea kwenye maji yenye chumvi miaka ya 1860. Katika miaka ya 1930 William Gericke wa Chuo Kikuu cha California alipoanza kutangaza kilimo hiki kwa umma, watu walianza kudai kwamba nyanya za kwenye maji zina lishe kuliko za udongoni. Naam, wakati ule uvumi ulielekea upande wa pili! Wenzake wa chuo hicho hicho, Dennis Hoagland na Daniel Arnon, walizikuza kwa njia zote mbili katika mazingira yanayofanana, na maelezo yao ya mwaka 1938 yalikuwa kwamba hawakuona tofauti ya maana, si ya juu wala ya chini. Mchanganyiko wao wa virutubisho ndio mzazi wa chupa nyingi zinazouzwa leo.

Sasa nimjibu JembeHalimtupi, maana swali lake la mwisho ndilo zito kuliko yote na watu wa maji hupenda kulikwepa. Ni kweli: yapo madini ambayo mwanadamu anayahitaji na mmea hauyahitaji. Mawili makubwa ni seleniamu na madini joto, yaani iodini. Mmea unaweza kukua mzuri kabisa bila hayo, na mchanganyiko wa kawaida wa virutubisho vya maji hauna hata moja. Hapo udongo unaweza kuwa bora. Naandika "unaweza" kwa sababu udongo nao hutoa kile tu ulichonacho. Kaunti ya Keshan nchini China imeupa jina lake ugonjwa wa moyo uliotambuliwa huko mwaka 1935, na baadaye ukahusishwa na upungufu wa seleniamu: watu walikula nafaka za udongoni, tena za shamba lao wenyewe, na udongo wenyewe haukuwa nayo. Finland iliamua mwaka 1984 kutia seleniamu kwenye mbolea za nchi nzima kwa sababu hiyo hiyo ya udongo maskini. Kwa hiyo udongo si dhamana.

Kuhusu kuvu wa mizizini na zinki, uko sahihi pia. Lakini kuvu hao wana faida pale ambapo zinki na fosforasi zimeng'ang'ania punje za udongo na mzizi hauzifikii. Kwenye maji madini yamekwisha kuyeyuka na yanaupitia mzizi saa zote. Kazi waliyokuwa wakiifanya imeshafanywa.

Basi tofauti ambazo watu wanaziona zinatoka wapi? Maana zipo, sikatai. Nimeona letusi mbili za mbegu moja zikipishana kwa vitamini C kiasi cha kushangaza. Chanzo kikubwa ni mwanga.

Vitamini C haitoki mizizini. Mmea huitengeneza wenyewe kutokana na sukari, na sukari hutengenezwa na mwanga. Mwanga ukiwa hafifu, sukari ni kidogo, na vitamini C hushuka nayo. Rangi nyekundu ya letusi ni kinga ambayo jani hujivalisha likipigwa na mwanga mkali, hasa wa buluu na wa urujuanimno. Kioo cha kawaida huzuia sehemu ya urujuanimno, na taa nyingi za ndani hazitoi kabisa. Dada, letusi yako iliyopauka inakueleza habari za taa. Tangi halihusiki hapo.

Na nitrati? Hapa ndipo watu wengi wanapotoka njia. Mmea hupokea nitrati na kuigeuza kuwa protini kwa kutumia nguvu inayotokana na mwanga. Mwanga ukipungua, kazi hiyo inazorota, lakini mzizi unaendelea kupokea. Nitrati inarundikwa ndani ya seli, na tena inasaidia kulijaza jani maji badala ya sukari iliyokosekana. Matokeo ni jani laini, kubwa, lenye maji mengi na nitrati nyingi. Angalia viwango vya juu ambavyo Umoja wa Ulaya unaruhusu kwenye letusi mbichi za kawaida: iliyokuzwa chini ya paa na kuvunwa majira ya baridi ni miligramu 5000 kwa kilo, majira ya joto 4000, iliyokuzwa nje ni 4000 na 3000. Sheria hiyo haiulizi kama mzizi ulikuwa kwenye maji au kwenye udongo. Inauliza paa na msimu, yaani inauliza mwanga. Kitalu cha udongo chenye giza hujaza nitrati vilevile.

Tusiogope kupita kiasi, lakini tusipuuze. Kiwango kinachokubalika kwa siku ni miligramu 3.7 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 ana nafasi ya miligramu 222. Letusi yenye miligramu 3000 kwa kilo inamfikisha hapo kwa gramu 74 tu. Hata hivyo mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipolipima suala hili mwaka 2008 ilisema faida za kula mboga ni kubwa kuliko hatari ya nitrati iliyomo. Nakubaliana nao. Mimi nakazania jambo moja: mkulima wa ndani anaweza kuipunguza, na anayeweza kupunguza anapaswa kupunguza.

Jambo jingine ambalo nililirudia kwa kila mwanafunzi aliyepita maabara yetu: unapolinganisha mboga mbili, uliza kama zimepimwa zikiwa mbichi au zimekaushwa. Letusi moja ina maji asilimia 96, nyingine 94. Mdomoni hutaona tofauti kubwa. Lakini katika gramu 100 ya kwanza imebakiza gramu 4 za kitu kikavu, ya pili gramu 6. Ya pili imebeba nusu tena zaidi ya madini na sukari kwa sahani ile ile, hata kama vipimo vya uzito mkavu vinasema ziko sawa. Mmea uliokimbizwa kwa maji mengi, joto na mbolea ya nitrojeni hujaza seli maji. Hao wanaokuambia "maji ya kijani" wanakosea kuhusu chanzo, ila jani laini kupita kiasi kweli lina kitu kidogo kwa kila tonge.

Nipe habari za mfumo wako: taa iko umbali gani na inawaka saa ngapi, pH ya tangi (kipimo cha utindikali wa maji), unavuna wakati gani wa siku, na mboga hukaa muda gani kabla ya kuliwa. Usiache hata moja.

BustaniNdogo

Shikamoo mama. Asante sana, nimesoma zaidi ya mara moja.

Taa ni za LED, ziko kama sentimita 60 juu ya majani, zinawaka saa 12. pH inapanda yenyewe. Jana ilikuwa 7.4. Majani machanga ya spinachi yana rangi ya njano lakini mishipa yake ni ya kijani. Virutubisho naweka kama maelekezo ya kopo yanavyosema, na chuma chake kimeandikwa EDTA. Navuna asubuhi kabla sijawasha taa kwa sababu majani yanakuwa yamesimama vizuri. Ninayovuna mengi nayakata kabisa, nayaosha na kuyaweka kwenye friji, tunakula wiki nzima.

Baba mkwe ameambiwa apunguze potasiamu. Nilidhani letusi ni mboga nyepesi, haina shida kwake.

MamaMizani

Marahaba mwanangu. Umeeleza vizuri, na karibu kila jibu lako lina kitu cha kurekebisha.

Taa kwanza. Sentimita 60 kwa taa ndogo za nyumbani ni mbali. Zishushe polepole mpaka sentimita 30 hivi, uangalie siku chache. Majani ya juu yakianza kuwa meupe au kujikunja kingo, zipandishe kidogo. Ongeza muda ufike saa 16, lakini uziache zizime usiku. Spinachi itenganishe na letusi kama unaweza, kwa sababu siku ndefu huisukuma kutoa maua mapema. Kwa letusi nyekundu, taa yenye sehemu nzuri ya mwanga wa buluu itakurudishia rangi, na rangi hiyo ni kinga ya jani, si urembo.

pH ya 7.4 ndiyo inayoilaza spinachi yako njaa ya chuma huku chuma kimo tangini. Chuma kilichofungwa kwa EDTA, kemikali inayokishika kisigande, hushikilia vizuri mpaka karibu pH 6.5, ukipita hapo kinaachia, kinaganda na mzizi hauwezi kukipokea. Hiyo njano kati ya mishipa kwenye majani machanga ndiyo dalili yake. Majani ya namna hiyo ndiyo maskini kweli wa lishe, na hapa lawama ni ya tangi. Shusha pH kati ya 5.5 na 6.5 na uipime kila siku. Kama maji yako ya asili ni magumu na pH inakataa kushuka, tafuta chuma kilichofungwa kwa DTPA, kemikali nyingine ya kazi hiyo hiyo, kinavumilia mpaka karibu 7.5.

Kuvuna asubuhi kabla ya taa ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa nitrati. Usiku kucha mzizi umepokea na jani halikuwa na mwanga wa kuifanyia kazi. Vuna mwisho wa kipindi cha mwanga, kabla taa hazijazima: nitrati imepungua, sukari na vitamini C zimepanda. Majani yakiwa yamelegea kidogo, yatumbukize kwenye maji baridi, yatasimama. Tena siku mbili au tatu za mwisho unaweza kutoa maji ya virutubisho na kuweka maji matupu, taa zikiwaka kama kawaida. Mmea utaanza kula akiba yake ya nitrati. Usizidishe siku hizo, kwa sababu kalsiamu itakosekana na ncha za majani ya ndani zitaungua.

Kuhusu kalsiamu, nakuomba pia uweke feni ndogo. Kalsiamu husafiri na maji yanayopanda kutoka mizizini na kutoka majanini kama mvuke. Hewa ikituama na unyevu ukiwa mwingi, majani ya ndani hayapumui maji, na kalsiamu haiyafikii hata kama tangi limejaa. Na usiihesabu spinachi kuwa chanzo cha kalsiamu, ya maji au ya udongo: imefungwa na oksalati, kemikali ya asili iliyomo ndani yake, na mwili huchukua karibu asilimia 5 tu ya iliyomo.

Halafu friji. Nadhani hapa ndipo unapopoteza zaidi kuliko kwenye mabomba yote. Jani lililokatwa linaendelea kupumua na kujila lenyewe. Kuna kipimo kilichofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2004 juu ya spinachi: ikiwa kwenye nyuzi 4, baada ya siku 8 ilikuwa imebakiza karibu nusu tu ya foleti yake (vitamini B9), na kwenye joto zaidi ilifika hapo mapema. Mtu wa mabomba ya nyumbani ana bahati ambayo muuza mboga hana: mmea uko hai hatua chache kutoka jikoni. Usiukate wote. Chukua majani ya nje unayokula leo, uache moyo uendelee. Na spinachi iliyopikwa ikasagwa kwa ajili ya mtoto isikae nje kwa saa nyingi, kwani bakteria hugeuza nitrati yake kuwa nitriti, na hiyo ndiyo yenye madhara kwa mtoto mchanga.

Sasa baba mkwe. Hapa nakuomba usikilize kwa makini. Mmea unapenda kupokea potasiamu kupita mahitaji yake pale inapopatikana kwa urahisi, na tangini inapatikana saa zote. Kwa hiyo letusi ya maji inaweza kuwa na potasiamu nyingi kama ya udongoni au zaidi. Nchini Japani wapo wakulima wanaotumia mfumo huu huu kukuza letusi ya wagonjwa wa figo: wanaiondoa potasiamu kwenye maji katika kipindi cha mwisho, mmea unakua kwa akiba, na jani linavunwa likiwa na kiasi kidogo sana. Hilo kwenye udongo haliwezekani, kwa sababu huwezi kuutoa udongo potasiamu kwa wiki mbili kisha uirudishe. Lakini wao wanapima mavuno kwa vyombo vya maabara. Wewe usijaribu kwa kukisia kisha ukamwambia mzee ale bila wasiwasi. Mwambie daktari wake au mtaalamu wa lishe kwamba mboga zenu zinakuzwa hivi, akupe kiasi. Spinachi ikichemshwa kwa maji mengi na maji yakamwagwa, sehemu ya potasiamu inaondoka nayo. Letusi mbichi haina njia hiyo.

NyanyaKichaneni

Naomba nichangie kwenye nyanya, maana mama ameeleza majani vizuri na nyanya zina tabia yake.

Nyanya ya maji iliyopoa, isiyo na ladha, mara nyingi imenyweshwa maji mepesi mno. Mimi matunda yakishafunga huongeza ukali wa virutubisho taratibu, kutoka EC (kipimo cha chumvi zilizoyeyuka majini) ya 2.5 hadi kwenye 4 hivi. Chumvi ikipanda, mmea unapata tabu kuvuta maji, tunda linabaki dogo, lakini sukari, tindikali na likopini (rangi nyekundu ya nyanya) kwa kila gramu vinaongezeka. Unapoteza uzito wa mavuno, unapata nyanya. Kwa anayelisha familia yake nadhani ni biashara nzuri.

Mambo mawili ya kuangalia. Ukali ukizidi, kalsiamu haifiki kwenye kitako cha tunda, panakuwa peusi na kuoza. Na joto: likipita nyuzi 30 hivi kwa muda mrefu, likopini haitengenezwi vizuri, tunda linabaki na rangi ya chungwa hata likiiva. Kisha liache liive kwenye mmea. Nyanya iliyovunwa ya kijani ikaivia kabatini inapata wekundu, lakini haipati tena sukari kutoka kwa majani, kwa kuwa umeshaikata.

JembeHalimtupi

Mama nimekusikia, na nashukuru kwamba hukuikwepa seleniamu. Suala la mwanga sikulitegemea. Kile kipimo cha Ulaya cha paa na msimu nimekirudia kukisoma.

Nina moja limebaki. Kama upungufu wa tangi ni seleniamu na madini joto, si anunue chumvi zake atie tangini, mambo yaishe? Wafini si walifanya hivyo kwenye mbolea?

MamaMizani

Hapana, ndugu yangu, na namwomba dada asijaribu.

Wafini walitia kiwandani, kiasi kidogo kilichopimwa, na tangu wakati ule wanapima nafaka, maziwa na damu za watu ili waone kama wamezidisha. Walipoona inafaa wakabadilisha kiwango. Nyumbani hakuna wa kukupimia. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 55 za seleniamu kwa siku, na kiwango cha juu kilichowekwa Marekani ni mikrogramu 400. Ulaya wako chini ya hapo. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Mizani ya jikoni haioni hata punje ya kiasi hicho, na mmea ukipewa seleniamu nyingi huipokea kana kwamba ni salfa, bila kuonyesha dalili mpaka umeshazidi sana. Ukikosea, letusi itabaki nzuri machoni na anayeila ndiye atakayeumwa.

Madini joto yapo kwenye chumvi iliyotiwa iodini. Seleniamu hupatikana kwenye samaki, mayai, nyama, na nafaka za maeneo ambayo udongo wake unayo. Mtoto anayekula vyakula hivyo hahitaji kuipata kwenye letusi, hata ile ya udongoni huwa na kidogo tu. Dada, wewe shughulika na taa na pH kwanza. Majani machanga yanayokuja yakiwa ya kijani mpaka katikati ya mishipa, chuma kimerudi. Yale ya zamani yenye njano hayatabadilika sana, kwa hiyo usiyatumie kama kipimo.